Chumu Alivyoileta Zamani Barazani

Hapo zamani palikuwa na mji uitwao Shangamu, na katika mji huo lilikuwa kosa kusema "hapo zamani." Mtu aliruhusiwa kusema jana, aliruhusiwa kusema juzi na hata mwaka jana, lakini akithubutu kutaja enzi za marehemu Sultani Hazali, na jinsi watu walivyokuwa wakila na kusaza katika enzi hizo, alikamatwa, jina lake likaandikwa katika daftari la karani, na Ijumaa ikifika akavushwa mto asirudi tena. Nyumba yake ikawa mali ya serikali.

Sheria hiyo aliitunga Sultani Mahfudhi, mwana wa marehemu, na sababu yake ilikuwa ndogo tu: alichoka kusikia baba yake akisifiwa. Naye alikuwa na hoja aliyoipenda mno, akiirudia kila mwezi mbele ya watu.

"Baba yangu alipofariki," husema, "kibaba cha mchele kilikuwa pesa moja. Leo ni pesa ngapi?"

"Pesa moja, bwana wetu," hujibu watu.

"Kimepanda?"

"Hakikupanda, bwana wetu."

"Basi mnalia nini?"

Watu wakainamisha vichwa. Jibu walikuwa nalo, lakini mto nao ulikuwa karibu.

Kibaba chenyewe kilikuwa kipimo cha mti, kama kikombe kikubwa, chenye muhuri wa Sultani ubavuni, na hapana aliyeruhusiwa kuuza nafaka ila kwa kibaba chenye muhuri huo. Katika enzi za marehemu, muuzaji alikijaza mpaka mchele ukasimama juu kama kichuguu, kisha akatia konzi moja ya nyongeza kwa ajili ya watoto. Hicho ndicho kilichoitwa kibaba cha tele. Alipotawala Sultani Mahfudhi, waziri wake Sarhani aliagiza kwanza kile kichuguu kifutwe kwa kijiti, kiwe kibaba cha mfuto, na punje zitakazoanguka ziwe za serikali. Konzi ya watoto ikapigwa marufuku, akasema inawadekeza. Kisha ikawa kila mwaka vibaba vyote vya sokoni hukusanywa ati vikatengenezwe, na vikirudi, kila kimoja kimebandikwa kipande cha ubao ndani, chini kabisa. Kwa nje kilikuwa kibaba kile kile, urefu ule ule na muhuri ule ule. Kwa ndani kilikuwa kinapanda kitako, hata ulipofika mwaka wa tisa, mtu akitia vidole vyake humo aligusa chini kabla vidole havijazama nusu.

Wenye maduka walimshukuru sana waziri, na shukrani zao zilipita mlango wake wa uani ndani ya vikapu.

Na Sultani mwenyewe? Jikoni mwake walipimia kibaba cha baba yake, kilichobaki hapo tangu siku zile, maana hapana aliyethubutu kukichukua chombo cha jiko la Sultani akakitia ubao. Basi akawa anakula kwa kipimo cha zamani na kutawala kwa kipimo kipya, na tumbo lake halikumpa habari yoyote.

Siku moja asubuhi, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alinunua kibaba cha mchele sokoni, akaumimina katika ungo, akautazama, akaanza kulia pole pole. Karibu naye alikuwa amekaa Bi Mize, mjane aliyekuwa akichoma vitumbua hapo kwa miaka mingi.

"Unalilia nini, mwanangu?" akamwuliza.

"Mama mkwe wangu atasema nimeuuza njiani," akajibu yule mwanamke. "Kila siku ananiambia sijui kununua, sijui kupika, chungu changu hakijai. Jana alisema mbele ya mume wangu kwamba nina mkono mwepesi, kila nikishikacho hupungua."

"Huna mkono mwepesi. Enzi za marehemu Sultani nilikuwa nikipika kibaba kimoja tukala watu watano, na ukoko tukaugombania. Mwambie mama mkwe wako hivyo. Naye anakumbuka, ila anaona ni salama zaidi kukuogopesha wewe kuliko kumkasirisha waziri."

Wanawake waliokuwa karibu wakajifanya wanachagua bamia. Lakini mtu mmoja aliyekuwa akipapasa mihogo kwa muda mrefu bila ya kununua hata mmoja, akauacha muhogo wake, akaenda zake upesi. Jua halijafika utosini, Bi Mize alikwisha kukamatwa.

Bi Mize alikuwa na mpwa wake aitwaye Chumu, aliyelelewa naye tangu udogo. Huyu Chumu hakuwa na kitu. Kazi yake ilikuwa kuziba vikapu vilivyotoboka, vya sokoni na vya jiko la Sultani, na mji mzima ulimhesabu kuwa mjinga, kwa sababu alijibu alichoulizwa na hakuongeza neno. Mtoza ushuru alimwuliza siku moja, "Mlango wa nyumba yako ni upi?" Chumu akamwonyesha. Mtoza ushuru akabisha mlango ule hadi adhuhuri, kisha akazunguka akakuta nyumba haina ukuta wa nyuma, na Chumu amekaa ndani anamtazama. Akamwuliza kwa hasira kwa nini hakusema. Chumu akajibu, "Uliniuliza mlango, bwana."

Ijumaa ikafika, baraza ikajaa watu, na Bi Mize akasimamishwa mbele ya Sultani.

"Wewe ulisema maneno haya?" akauliza Sultani, na karani akamsomea.

"Niliyasema, bwana wangu."

"Unajuta?"

"Najuta sikuyasema miaka mitano iliyopita, nilipokuwa na magoti mazuri. Sasa askari wako watapata taabu ya kunibeba mtoni."

Sultani akakunja uso. Alikuwa amekwisha kuinua mkono atoe hukumu, ndipo Chumu akajipenyeza katikati ya watu, akapiga magoti.

"Bwana wangu, uishi miaka mingi. Shangazi yangu amekosa, naye ameungama. Lakini ni mzee, na nyumba ile alijengewa na marehemu mumewe. Tena anashitakiwa kwa kitu ambacho hakipo hapa. Mwizi wa kuku huletwa na kuku wake. Na hii zamani, iko wapi?"

Waziri Sarhani akacheka, na Sultani alipoona waziri anacheka, akacheka na yeye.

"Umesema vyema, mziba vikapu," akasema Sultani. "Basi kailete. Nakupa hadi Ijumaa ijayo. Iletwe zamani hiyo hapa barazani, mbele ya watu wote, niione kwa macho yangu au niisikie kwa masikio yangu. Ukiileta, mwanamke huyu atarudi nyumbani kwake. Usipoileta, mtavuka mto nyote wawili, nawe utambeba."

"Uifunge kamba nzuri," akasema waziri, "isije ikakutoroka njiani."

Wakuu wote wakacheka, maana waziri alikuwa amefanya mzaha, na mzaha wake ulikuwa na faida kuuchekea. Chumu akangoja wamalize.

"Nitaileta, bwana wangu," akasema. "Lakini nina ombi moja. Kwa siku hizi saba, jiko lako lipimie kibaba cha sokoni. Idadi iwe ile ile ya kila siku, vibaba kumi, wala kisizidi kimoja, wala kisipungue kimoja."

Kicheko cha waziri kikakatika. "Ombi hili halina maana, bwana wangu," akasema.

"Halina maana kabisa," akakubali Chumu. "Kibaba ni kibaba. Au bwana waziri anajua kuwa viko viwili?"

Waziri akamtazama Sultani, akawatazama watu. Kila mwezi kwa miaka tisa alikuwa akiapa mahali hapo hapo kwamba kibaba hakikubadilika. Watu nao wakamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza hapana aliyeinamisha kichwa.

"Kiko kimoja," akasema waziri.

"Basi ombi la mjinga halinigharimu kitu," akasema Sultani. "Songoro, umesikia?"

"Nimesikia, bwana wangu," akajibu Songoro, mpishi wa Sultani, naye usoni mwake mlikuwa na utulivu wa mtu aliyeagizwa jambo alilolitamani.

Bi Mize akafungiwa ghalani hadi siku ya hukumu. Chumu akarudi nyumbani, akaendelea kuziba vikapu. Watu wakapita wakimwuliza, "Chumu, mbona hutoki? Hiyo zamani umekwisha kuiona?"

"Inapikwa," hujibu, na watu wakatikisa vichwa wakamhurumia Bi Mize kwa kuwa na mpwa wa namna hii.

Nyumba ya Sultani ilikuwa na watu hamsini, kuanzia yeye mwenyewe hadi mfagia ua, na vibaba kumi vilikuwa vikiwashibisha wote. Siku ya kwanza sinia lilipoletwa, Sultani alidhani ni la kuonjea. Akala, akangoja. Halikuja jingine. Akamwita Songoro.

"Leo umepika vibaba vingapi?"

"Kumi, bwana wangu, kama kila siku."

"Kumi vyote?"

"Vyote, bwana wangu, na muhuri wako ubavuni."

Sultani hakuwa na la kusema, maana la kusema lilikuwa limekatazwa. Siku ya pili akamtuhumu mpishi kuwa mwizi, akaweka askari jikoni. Siku ya tatu askari naye akaapa kuwa ni vibaba kumi, akaongeza kwa unyonge kwamba yeye hakupata kitu. Siku ya nne mke mkubwa wa Sultani, Bi Rukaiya, alimtuma kijakazi amwambie kwamba yeye tangu aolewe hajapata kulamba vidole kwa sababu ya njaa, mpaka wiki hii. Siku ya tano Sultani mwenyewe alishuka jikoni, akamkuta mfagia ua amekumbatia chungu, akamnyang'anya ukoko. Walisema waliomwona kwamba aliula akiwa amesimama, ameelekea ukutani.

Angeweza kuagiza vibaba ishirini, hapana wa kumzuia. Lakini kuagiza ishirini ni kukiri kuwa kumi si kumi, na Sultani Mahfudhi alikuwa mtu wa kufa njaa kabla ya kukiri. Yaani njaa yake yeye. Ya watu wengine alikuwa amekwisha kuizoea.

Waziri Sarhani yeye alikuwa akila kwake. Siku ya sita alikuja kumwamkia Sultani asubuhi, akainama, na ndevu zake zikanukia samli. Sultani akazitazama ndevu zile kwa muda mrefu.

"Umeamkaje, waziri?"

"Nimeamka salama, bwana wangu, ila kidogo nimevimbiwa."

Sultani akamwambia aondoke.

Basi Ijumaa ikafika, na watu wakajaa barazani kuliko siku zote. Bi Mize akaletwa na furushi lake la nguo. Chumu akaja mikono mitupu, hana kamba wala kitu kilichofungwa kamba. Watu wakaanza kunong'onezana.

Na desturi ya Shangamu ilikuwa hivi: siku ya Ijumaa, kabla hukumu haijatolewa, Sultani hula sinia moja pamoja na wakuu wake mbele ya watu, waonekane kuwa hawahukumu kwa hasira ya njaa. Wakakaa, Sultani upande mmoja, kadhi akimkabili upande wa pili, na waziri na wazee kuzunguka. Songoro akaleta sinia kubwa la shaba, limefunikwa kawa jekundu la ukindu, akaliweka katikati, akarudi nyuma hatua nyingi kuliko kawaida.

Kawa likafunuliwa. Katikati ya sinia lile palikuwa na pilau kiasi cha kiota cha ndege. Pembeni shaba iling'aa, na wakuu wakajiona nyuso zao ndani yake.

Sultani alitazama pilau ile. Siku saba za ulimi uliofungwa zikamtoka zote kwa pamoja.

"Hiki ni nini?" akasema. "Hiki ni chakula cha wakuu wa Shangamu? Zamani sinia hili nikikaa hapa nilikuwa simwoni kadhi aliyekaa pale, kwa wingi wa pilau. Leo namwona hadi kitovu. Enzi za baba yangu vibaba kumi vilishibisha watu hamsini, na makombo tukawapa kuku, na kuku wakayaacha. Zamani tulikula. Wallahi zamani tulikula."

Wakuu wakajivuta nyuma kutoka kwenye sinia.

Pale pale ikasikika sauti ndogo ya kalamu ikigongwa mdomoni mwa kidau cha wino. Alikuwa karani. Alikuwa mzee, na kazi yake kwa miaka yote hiyo ilikuwa moja tu, na mikono yake ilikuwa imeshazoea. Daftari lilikuwa wazi, na kalamu imechovywa.

"Bwana wangu," akauliza kwa adabu, "niandike jina gani?"

Sultani akaitazama kalamu. Ndipo Chumu akasogea mbele, akapiga magoti.

"Bwana wangu, uishi miaka mingi. Uliagiza zamani iletwe hapa barazani, mbele ya watu wote, uione au uisikie. Imefika, nawe umeisikia. Hapana aliyekuwa karibu nayo kuliko wewe."

"Wewe hukuleta kitu," akasema Sultani, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kweli, bwana wangu. Nilipunguza mchele tu, ikaja yenyewe."

Mtu mmoja huko nyuma akacheka, na kicheko kikapita katika umati kama moto wa makuti. Sultani akamgeukia waziri wake.

"Sarhani, kibaba ni kimoja au viwili?"

"Kimoja, bwana wangu," akasema waziri. "Labda mchele wa siku hizi ndio mwepesi. Nasikia punje zake zina upepo ndani."

Songoro hakungoja kuitwa. Alikuja na vibaba viwili, cha jikoni na cha sokoni, akaviweka sakafuni mbele ya Sultani, na kwa nje havikuwa na tofauti. Chumu akakichukua kile cha sokoni, akakigonga kwa nguvu juu ya ngazi ya jiwe. Ukaanguka ubao mmoja wa duara. Akakigonga tena, ukaanguka wa pili. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, watatu, wanne, watano, na sauti ikazidi kila ubao ulipoanguka, mpaka wakafika tisa. Chumu akatia mkono wake ndani, ukazama hadi kifundo.

"Nani aliyefanya haya?" akauliza Sultani.

"Kila mwaka nilileta waraka, bwana wangu," akasema waziri, "na kila mwaka uliutia muhuri."

"Sikuusoma."

"Hukuusoma, bwana wangu."

Hilo nalo watu walilisikia, na Sultani akajua wamelisikia. Akacheka, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kutoka pale. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyetegwa na miguu yake mwenyewe, lakini kilitosha. Akaamuru karani aurarue ukurasa, maana kama ungeandikwa, yeye ndiye angevuka mto jioni ile. Akaamuru sheria ifutwe, na mbao zing'olewe katika kila kibaba cha mji, na Bi Mize arudi nyumbani kwake. Waziri Sarhani akahukumiwa kula kwa kibaba cha mbao tisa kwa miaka tisa, na Songoro akapewa kazi ya kumpimia, akaifanya kwa uangalifu mkubwa. Chumu akapewa kanzu mpya na mfuko wa fedha, akavipokea, hakuongeza neno.

Lakini mtawala ni mtawala. Alasiri ile ile mpiga mbiu alizunguka mitaani akitangaza kwamba Sultani Mahfudhi, kwa hekima yake na huruma yake, amefunga siku saba kwa ajili ya raia zake, na kwa kufunga huko amevumbua wizi mkubwa uliofichwa. Watu wakasikiliza mpaka mwisho, wakaitikia ilivyopasa, wakaingia ndani, wakafunga milango wakacheka mpaka wakakaa chini.

Bi Mize naye alikuwa njiani na furushi lake. Askari aliyemsindikiza akamwambia, "Bibi, imekupasa kurudi kumshukuru Sultani, amekusamehe."

"Nimshukuru kwa lipi?" akasema Bi Mize. "Mimi nimesamehewa kusema, na yeye amesamehewa kula miaka tisa. Atangulie yeye kunishukuru, kisha nitaona."

Askari akatazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akacheka, akamchukulia furushi. Walipofika, mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani yule mwanamke kijana alikuwa amekwisha kuwasha moto, mtoto wake mgongoni, na mama mkwe wake amekaa juu ya kibao anapepeta mchele. Mama mkwe hakuinua macho.

"Karibu, Mize," akasema. "Huyu mkwe wangu ana mkono mzito, tazama chungu kilivyojaa."

"Hata jana alikuwa nao," akasema Bi Mize, akaketi.

Wakala watu sita, wakiwemo askari, Chumu na mume wa yule mwanamke. Nami niliyopokea ni hayo; aliyepokea zaidi na aseme, maana siku hizi si kosa.